Kabla Hujairejesha Kompyuta ya Mtu

Siku ya kuniaga kazini waliniita mkaidi. Hawakulitamka neno lenyewe, maana kulikuwa na keki na mchungaji, lakini kila aliyeshika maikrofoni alilizunguka: Madam Kathure ana msimamo, Madam Kathure hayumbishwi, Madam Kathure akisema amesema. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nimefunikwa shuka la zawadi mabegani kama mgonjwa, nikitabasamu. Nilijua vizuri wanachosema. Ningependa tu wangelisema wazi, kwa sababu hiyo ndiyo sifa pekee niliyoitolea jasho.

Sasa niko nyumbani, hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, na kuku ambao kwa bahati nzuri hawana nywila ya kusahau. Mafundi vijana niliowaacha bado wananipigia simu. "Madam, kuna mashine imekataa kabisa, tufanye aje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hivyo nawaandikia wote kwa pamoja. Sitazungumzia vyeo, kwa kuwa nilivyopata ni vichache na vilikuja vimechoka. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitazungumzia jambo moja nililoligombania miaka yangu yote: kompyuta ya mtu hairejeshwi hali ya kiwandani, ikafutwa kila kitu, kabla hujajua imebeba nini. Anayeona hilo ni jambo dogo aendelee kusoma. Akimaliza na bado aone ni dogo, basi asinipigie tena.

Mimi ni mzaliwa wa Kianjai. Kompyuta nilisomea Meru mjini, wakati ambapo chuo kizima kilikuwa na mashine chache zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na wanafunzi tulivua viatu mlangoni. Ajira ya kwanza niliipata hapo hapo Meru, katika ofisi moja kubwa ya umma. Idara yetu ya kompyuta ilikuwa chumba chini ya ngazi, na kila mtu aliyepanda kwenda kwa wakubwa tulimsikia akikanyaga juu ya vichwa vyetu.

Aliyenipokea alikuwa Mzee M'Itonga, fundi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa simu. Alikisoma cheti changu mpaka mwisho, akanirudishia kwa heshima, kisha akanikabidhi brashi mpya ya kupaka rangi. Nikajua nimeletwa kupaka ukuta. Kumbe ni ya kufagia ndani ya mashine. Udongo wetu ule mwekundu unaingia kila mahali, na kuna mashine nilizofungua ambazo ungeweza kupanda viazi ndani. Vifaa vyake vingine vilikuwa bisibisi, bahasha ya diski za kurejesha mashine, na diski moja ya nje ya kuwekea bakapu, yaani nakala za akiba, ambayo aliivalisha soksi ya sufu. Nilipocheka ile soksi, aliniambia siku diski itakapoanguka bila soksi nitaenda mwenyewe kuwaeleza wenye faili.

Siku hiyo hiyo tuliitwa kwa karani mmoja, Mama Kinya, ambaye mashine yake ilikuwa imeganda. Mimi nilikuwa bado nina moto wa chuo. Nikamuuliza, kwa Kiswahili safi cha mtihani, ana vitu gani muhimu ambavyo angependa vihifadhiwe.

"Hakuna kitu," akasema. "Ni barua tu za ofisi."

Nikashika bahasha ya diski. Mzee M'Itonga akanishika mkono.

"Mwari, usiulize mtu ako na nini," akaniambia. Huko kwetu mwari ni binti, na yeye hakuwahi kuniita jina lingine. "Mtu hajui ako na nini. Mwambie akuonyeshe asubuhi yake."

Akavuta kiti, akamketisha Mama Kinya mbele ya mashine. "Sasa hapa hujafika kazini. Haya, umefika. Umetoa koti. Umeweka kikapu chini. Unafanya nini?"

Mama Kinya alicheka, lakini mkono ukaanza kutembea wenyewe. Akafungua barua. Akafungua jedwali la gari za ofisi ambalo hakulitaja. Halafu, bila hata kutazama, akabonyeza kitu kwenye ukingo wa juu wa brauza, ukafunguka ukurasa wenye picha za kijana amesimama kwenye theluji.

"Na hiyo?" Mzee akauliza.

"Hiyo si ya kazi. Ni mtoto wangu ako ng'ambo. Huweka picha hapo."

"Anwani yake unajua?"

"Anwani gani, Mzee? Si mimi hubonyeza tu hapo!"

Ukurasa huo ungepotea na mimi ndiye ningeupoteza, nikiwa na cheti mkononi. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mtu ana nini. Nimewaketisha wakubwa, madaktari, mapadri na mkurugenzi mmoja aliyekuwa na haraka sana, nikawaambia: toa koti, nionyeshe asubuhi yako. Wengi walikasirika. Niliwaacha wakasirike, kisha nikawavutia kiti.

Niseme kidogo juu ya hivyo vitu vya ukingo wa juu, alamisho, au bukumaki kama tunavyoviita. Watu wetu wanaamini vinakaa kwenye mtandao. "Hizo ziko kwa internet, haziwezi potea," wanakwambia, na wanakuambia kwa huruma, kama wewe ndiye mgeni. Vinakaa ndani ya mashine, kwenye kabati dogo la brauza, na ukirejesha mashine vinaondoka na kabati lake. Kama brauza imeunganishwa na akaunti, usichukue hilo kwa imani. Ingia kwenye mashine nyingine uone kama kweli zimefika. Kama haijaunganishwa, fungua menyu ya alamisho, zitoe zote kama faili moja, iweke faili hiyo nje ya mashine, uifungue kwingine, ubonyeze viungo uone vinakwenda. Kisha uulize swali ambalo mafundi wengi wavivu huliacha: huu ukurasa unafunguka kwa sababu wewe unaijua nywila, au kwa sababu mashine ndiyo inayoijua? Alamisho inakupa njia ya kufika mlangoni, ufunguo ni kitu kingine kabisa.

Jambo la pili sikufundishwa na Mzee M'Itonga. Nilifundishwa na Embu, nilikokuja kuolewa nikahamisha na kazi. Hapa mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ni desturi nzuri, na mimi mwenyewe nina mjukuu anayeniita "wajina" kwa madaraka sana. Lakini maana yake ni kwamba katika nyumba moja jina linazunguka, na katika ofisi moja utakuta folda mbili, tatu, za jina moja, watu tofauti kabisa. Sasa wewe fundi una haraka. Unachota kila kitu kutoka kila pembe ya mashine, unakimwaga kwenye folda moja ya bakapu. Mashine inakuuliza: jina hili lipo tayari, niondoe la kwanza niweke hili? Mashine haijui desturi za Embu. Kwake jina moja ni mtu mmoja. Na wewe unayezijua unabonyeza ndiyo, kwa sababu umechoka.

Mimi nilikataa kubonyeza hiyo ndiyo. Kila pembe ya mashine niliipa chumba chake kwenye diski: vya desktop mbali, vya Documents mbali, vya Downloads mbali. Wenzangu walisema ninapoteza nafasi. Nafasi ya diski inanunuliwa dukani.

Sasa niwaeleze kesi iliyofanya nionekane mkaidi rasmi.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi katika hospitali ya kanisa ambayo sitaitaja. Mwisho wa korido moja kulikuwa na chumba kidogo chenye zulia ukutani badala ya sakafuni, ili mwangwi usiingie. Tulikiita chumba cha sauti. Mwenyewe alikuwa Bi Wawira, mtaalamu wa matamshi, dada mdogo kwa umri na mkubwa kwa subira. Aliwafundisha kuongea watu waliopigwa na kiharusi, watoto wenye kigugumizi, na wale waliokuwa wakisubiri kufanyiwa upasuaji wa koo.

Katika hao wa koo alikuwapo Mzee Nyaga. Kama hujawahi kuhudhuria ibada huku kwetu, ujue kwamba waumini huleta sadaka ya shamba: ndizi, mayai, jogoo, gunia la mahindi. Ibada ikiisha vinapigwa mnada pale pale nje ya kanisa. Mzee Nyaga ndiye aliyekuwa mnadi. Sauti yake ilitoka uwanjani ikavuka barabara, na wenye maduka walijua kanisa limemalizika. Aliweza kuuza yai moja watu wakalishindania mpaka wakasahau ni yai. Saratani, kwa ujeuri wake, ikachagua koo lake.

Madaktari walisema watatoa kisanduku chote cha sauti. Ndipo Bi Wawira akamwita kabla ya upasuaji, siku baada ya siku, akamrekodi. Alirekodi maneno mafupi ya kila siku ya kuwekwa kwenye simu, mzee awe anabonyeza picha nayo simu inasema kwa sauti yake. Akarekodi na marefu: baraka za wajukuu watakaooa baadaye, hadithi ya alivyomtongoza mkewe Igoki kwenye kiwanda cha kahawa, maombi ya chakula, kusalimia watu kwa Kiembu. Upasuaji ulifanikiwa. Mzee akatolewa wodini na kovu shingoni na kimya ambacho mkewe hakukizoea. Akaambiwa arudi baada ya kidonda kukauka achukue simu yake.

Kabla hajarudi, virusi vikaingia hospitalini. Namaanisha vile vyetu vya kompyuta. Mashine moja ilianza kufunga faili zake yenyewe, halafu ya pili, halafu ikawa ni chumba kwa chumba. Mkuu wetu wa idara, Bwana Munene, alitoa amri: korido ile yote, kila mashine irejeshwe hali ya kiwandani kabla ya jioni. Nataka niwe wa haki kwake. Hakuwa mtu mbaya, na hofu yake ilikuwa ya kweli, kwa maana kulikuwa na wodi zinazotegemea mtandao huo. Alichokosea ni kudhani kwamba haraka na kazi ni kitu kimoja.

Fundi mwenzangu Mwiti ndiye aliyepewa chumba cha sauti. Mwiti, ukisoma hapa usinune. Wewe ni fundi mzuri na hili nimekwambia usoni. Alikuja kwangu na diski mkononi.

"Madam, ile ya Wawira nimeshabackup. Nii-restore?"

"Umefungua bakapu?"

"Majina ya files yako yote, yana-match."

"Umefungua, Mwiti?"

Akaninyooshea diski. Nikaichomeka diski kwenye mashine safi ya majaribio, nikatafuta folda ya Nyaga, nikafungua rekodi ya kwanza. Nilitegemea mngurumo wa mnadi. Ikatoka sauti ya mtoto ikihangaika na neno "baiskeli", ikilianza, ikikwama, ikilianza tena. Nikafungua ya pili. Mtoto yule yule.

"Huyu ni nani?"

"Si Nyaga?" Mwiti akasema. "Kulikuwa na mbili, Nyaga desktop na Nyaga kwa Documents. Ilikuwa inaniuliza-uliza, nikaweka ile ya juzi juzi. Si ni mtu mmoja?"

Walikuwa babu na mjukuu. Mtoto alikuwa na kigugumizi, na Bi Wawira alimfundisha Jumamosi. Ndiye aliyeitwa jina la mzee. Faili zao zilipewa nambari zilezile, kuanzia ya kwanza, na moja baada ya nyingine mjukuu akawa amemfunika babu yake. Mwiti alishika kichwa. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa bado haijaguswa, kwa hivyo nilishukuru Mungu, nikachukua diski yangu mwenyewe nikaenda korido ile mbio.

Nilimkuta Bwana Munene ameketi kwenye kiti cha Wawira. Alikuwa ameamua kusaidia. Skrini tayari ilikuwa inamuuliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu.

"Boss, subiri. Bakapu ya hii ni mbaya."

"Mwiti ameniambia iko sawa."

"Mwiti hakuwa amefungua. Kuna sauti ya mgonjwa hapo ndani, na mgonjwa hana nyingine."

"Madam Kathure, hii kitu inaruka kutoka room hadi room. Unataka ifike theatre, watu wakipasuliwa?"

"Hii nimeitoa kwa mtandao tangu asubuhi. Haiwezi kuruka popote. Nipe mpaka jioni."

"Sina jioni." Akarudisha mkono kwenye kipanya.

Nilikasirika. Sikumgusa. Niliinama chini ya meza, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikauchomoa na upande wa mashine, nikaukunja, nikauweka kwenye mkoba wangu pamoja na leso na dawa zangu za presha. Skrini ilizimika akiwa ameitazama.

"Unafanya nini?"

"Naenda kumwita mwenye mashine," nikasema, nikaondoka na mkoba.

Wako watakaosema ningeongea naye kwa upole. Niliongea naye kwa upole, mmenisikia. Upole ulipokwisha, ulibaki waya. Na ikibidi leo, nitauchomoa tena.

Nilimkuta Bi Wawira wodini. Tuliporudi Bwana Munene alikuwa ameondoka, ameenda kuniandikia mashtaka. Nikarudisha waya, mashine ikaamka, nikahifadhi folda zote mbili za Nyaga, babu kwa chumba chake, mjukuu kwa chake. Nikazifungua zote kwenye mashine ya majaribio. Maneno mafupi ya mzee yalikuwapo, salama, na hayakuwa na kirusi. Wawira akapumua.

"Basi, Madam, ni hizo tu. Sasa anaweza kuifuta."

Ningeweza kuishia hapo na nimtafute mkubwa nimpoze. Lakini nilivuta kiti.

"Keti. Umefika kazini. Umetoa koti. Nionyeshe asubuhi yako."

"Madam, nimekwambia ni hizo tu."

"Najua. Nionyeshe."

Akaketi kwa kunisikiliza kama mama yake. Akafungua orodha ya wagonjwa wa siku. Akafungua mazoezi ya midomo. Kisha kidole chake kikapanda juu, kwenye ukingo wa brauza, kikabonyeza alamisho moja aliyoiita "Ndefu". Kwa kuwa hatukuwa kwenye mtandao, ukurasa haukufunguka, lakini yeye alikuwa ameshaanza kushuka kwenda kwenye jambo lingine.

"Hiyo inaenda wapi?"

"Ah, hapo ndipo naweka zile rekodi ndefu. Hii mashine ilikuwa inajaa."

"Baraka za wajukuu ziko wapi?"

Mdomo wake ulibaki wazi. "Hapo," akasema.

"Nywila?"

"Sijui, Madam. Inaingia yenyewe." Akaanza kulia kabla sijamaliza maswali yangu. Akaunti ile ilifunguliwa na mtaalamu aliyekuwa katika chumba hicho kabla yake, mama aliyestaafu akafariki, na ukiomba nywila mpya ujumbe ulitumwa kwenye simu yake ambayo haipo tena. Mashine ile peke yake, duniani kote, ndiyo iliyokuwa inakumbuka namna ya kuingia. Kama tungeirejesha, ningekuwa na alamisho kwenye diski yangu na mlango uliofungwa.

Kwa hivyo ilibidi tuiunganishe mashine yenye kirusi na mtandao, jambo ambalo Bwana Munene alikuwa amelikataza, na alikuwa sawa kulikataza. Sikutumia mtandao wa hospitali. Niliwasha simu yangu, nikanunua bando, nikaiunganisha na hiyo, mbali na mashine nyingine zote. Alamisho ikafunguka. Zile rekodi zilikuwapo, zimepangwa, kila moja na jina lake. Nikaanza kuzishusha moja moja kwenye diski, na mtandao wa simu katika chumba chenye zulia ukutani si kitu cha kujivunia.

Nikafunga mlango kwa ndani.

Alibisha mlinzi. Akabisha Mwiti, akanong'ona kupitia tundu la ufunguo, "Madam, boss amewaka, mimi niseme nini?" Nikamwambia aseme niko ndani. Akabisha Bwana Munene mwenyewe, akaniita kwa majina yangu yote, hata lile la ubatizo ambalo sijui alilitoa wapi. Nilimjibu kupitia mlango kwamba mashine haiko kwenye mtandao wake, kwamba nitairejesha mimi mwenyewe ikimaliza, na kwamba siondoki. Bi Wawira alikuwa ameketi sakafuni akiuma kucha. Tulipojaribu rekodi moja kuona kama imeshuka vizuri, sauti ya Mzee Nyaga ilijaa chumba, anamwita mkewe kwa kila namna aliyokuwa akimwita: Igoki wa kuomba chai, Igoki wa kukosea, Igoki wa jioni. Dada wa watu akajifunika uso kwa gauni lake la kazi. Mimi pia nililia, na sioni kwa nini nifiche.

Zilipokwisha nilizikagua kwenye mashine nyingine, nikatoa alamisho zote kama faili, nikaweka nakala mbili mahali pawili. Halafu nikairejesha ile kompyuta hali ya kiwandani kwa mkono wangu, kama nilivyoahidi. Nikafungua mlango. Mashine ilikuwa safi kuliko zote za korido ile, jambo ambalo halikuandikwa popote.

Kilichoandikwa ni mengine. Kukaidi amri, kuondoa kifaa cha hospitali, kujifungia chumbani. Mpaka kikao kikae, nilipelekwa stoo kubandua stika za mali kwenye mashine zilizokufa. Nilizibandua. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na kila mtu aliyenipenda alikuja stoo kunishauri: omba msamaha, Madam, yaishe, usipoteze malipo yako ya uzeeni kwa sababu ya kompyuta. Nyumbani mume wangu alisema hivyo hivyo, halafu akaniangalia, akaacha kusema. Usiku sikulala vizuri. Niliogopa, nawaambia ukweli, na kuogopa hakukunibadilisha mawazo.

Siku ya kikao tulikaa kwenye ukumbi mdogo wa utawala. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole kutoka afisi ya mbele, anayependa mambo yaishe kabla ya chai. Bwana Munene aliketi upande wa pili. Bi Wawira alikuwa ameomba kuleta shahidi wake, nao wakamruhusu bila kuuliza ni nani. Mlango ulipofunguliwa aliingia Mzee Nyaga na mkewe Igoki, mzee amevaa koti lake la kanisani na skafu shingoni, simu mpya mkononi. Watu wote wakasimama, kama inavyopasa mzee akiingia. Akapewa kiti karibu na mwenyekiti. Hakuna aliyemuuliza chochote, kwa kuwa wote walijua haongei.

Mwenyekiti akaanza. "Madam Kathure, unakubali ulitoa waya?"

"Nakubali."

"Unakubali ulifunga mlango?"

"Nakubali. Na mashine niliirejesha jioni hiyo hiyo."

Bwana Munene akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, kwamba kama kila fundi ataamua amri gani afuate, siku moja tutaua mtu. Alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na yangu, na zilikuwa zimekaa kwenye meza moja.

"Basi tusirefushe," mwenyekiti akasema. "Hakuna aliyeumia. Madam ataomba Bwana Munene msamaha hapa mbele yetu, tuandike kwamba yameisha, kila mtu aende kazini. Ama namna gani?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa natafuta maneno ambayo hayatanifukuzisha kazi na pia hayatakuwa uongo, na sikuyapata. Nilifungua mdomo. Ndipo nikaona Mzee Nyaga ameinamia simu yake, kidole kimoja kinapita polepole juu ya zile picha ndogo, kinatafuta. Akapata. Akabonyeza.

"Hapana!"

Ilitoka nzito, nzima, sauti ile ya uwanjani, ikagonga madirisha ya ukumbi. Karani aliyekuwa akiandika aliangusha kalamu. Igoki alishika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili.

Mwenyekiti alijikaza. "Mzee wetu," akasema kwa adabu, "hatukukuuliza wewe. Tumemuuliza Madam."

Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akarudisha kidole pale pale.

"Hapana!"